Paskali Hamsini

Tulipanda Kibosho ukungu bado umeilalia migomba,
Godlisten na feni mgongoni, mimi na mlango wa turubai
uliokunjwa kama mwavuli wa padri.
Bibi Anaeli alitupokea na sweta mbili mwilini
na swali moja: "Upepo mnaupima kwa rula gani?"

Nikamwonyesha geji, na mrija mwembamba
unaopita chini ya turubai
kwenda kusikiliza uani kunasemaje.
"Tutaivuta hewa ya nyumba, Bibi, taratibu,
mpaka nje kusukume ndani kwa paskali hamsini.
Kisha tutahesabu kinachoingia."
"Kumbe mnaiambia ivute pumzi,
kama daktari na mgongo wa mtoto."
Ndiyo. Miaka sita kazini, sijawahi kulisema vizuri hivyo.

Raundi ya kwanza nyumba ilitushinda.
Feni ililia mpaka kuku wakahama uani,
geji ikapanda ishirini, ishirini na saba, thelathini na moja,
ikagoma.
Juu ya kila dirisha marehemu Kiwia aliacha matofali ya maua,
matundu manne manne,
kwa ajili ya joto ambalo Kibosho haijawahi kulitamani.
"Ujenzi alijifunzia Tanga," Bibi akasema,
kama anayemwombea msamaha.

Tukaziba kwa magazeti, selotepu, gunia la kahawa,
na kanga aliyoitoa mwenyewe, imepauka hata jina halisomeki.
Hamsini. Ikatulia.

Hapo nyumba ikaanza kutaja.
Niliwasha kijiti cha udi nikatembea na moshi wake
ukuta kwa ukuta.
Katikati ya chumba ulisimama wima.
Konani ukavunjika kiuno:
hapo ukuta wa mwaka tisini na tatu
unakutana na wa elfu mbili na sita,
na kati yao ada za shule, bei ya kahawa iliyoanguka,
ng'ombe aliyekufa na mimba,
na uwazi wa kupitisha kisu cha mkate.
Wengine huuita ufa. Mimi nina namba yake.

Swichi ya sebuleni ilileta harufu ya mbege ya jirani.
Tundu la ufunguo likapiga mluzi.
Chini ya mlango wa nyuma ubaridi uliingia mnene,
ukatunusa vifundo vya miguu kama mbwa mgeni.

"Hewa yote inabadilika mara ishirini na mbili kwa saa,"
Godlisten akasoma, "bila kuhesabu maua ya marehemu."
Bibi akahesabu kwa vidole.
"Basi mkaa wangu unapasha joto shamba."
Hiyo ni kwa feni, nikamweleza;
siku ya kawaida ni kama mara moja tu.
"Kawaida ya wapi? Ya Julai?"

Nikaweka kalamu chini.
"Jiko linalala wapi, Bibi?"
Feni ilikuwa imezimwa, lakini mapanga yake
yalikuwa bado yanazunguka.
"Chumbani. Mjukuu anakohoa."

Nilikuwa na mikebe tisa ya povu kwenye boksi,
na hulipwa kwa tundu.
Nikaiona nyumba imeshonwa vizuri, kazi safi,
na gizani mkaa unatoa kitu kisicho na harufu,
ambacho udi wangu hauwezi kukionyesha.
"Leo sizibi."
Godlisten akanitazama; nauli ya bodaboda tulikopa.
"Haya matundu mabaya, Bibi,
ndiyo yamekuwa yakiwaamsha asubuhi."

Nikaandika: jiko litoke kwanza.
Kisha mlango wa nyuma, kisha ufa.
Maua ya upande wa mlimani yazibwe;
ya upande wa bondeni yaachwe, yote.
Alisoma mara mbili, mdomo ukitembea.
Akatulipa nusu, na mkungu wa ndizi.

Tukishuka niligeuka.
Jiko lilikuwa nje, tupu, limepinduliwa,
na kuku wa kwanza kurudi
amesimama juu yake.